Siku Nne za Theluji, Mie na Bwana Wangu Tu

Haya, nyie mliokaa huko ukumbini sogeeni, na wewe uliyeshika kikombe kiweke chini kwanza. Sitaki mtu apaliwe na kahawa hapa halafu niambiwe mie nimemuua. Nna khabari ya safari.

Mie nimeolewa zamani, watoto wangu washaoa na washaolewa. Lakini umri wote huo sijapata kusafiri na bwana wangu wawili peke yetu. Sijapata! Fungate yetu ilikuwa Salalah, na mle garini tulikuwa mie, yeye, mama yake, dada yake, mume wa dada yake, watoto wao, na sufuria ya biriani iliyokaa mapajani mwangu kutoka Maskati mpaka Salalah, imenibandua ngozi. Kufika, wanawake chumba hiki, wanaume chumba kile. Bi harusi mie nimelazwa na mkwe wangu, anakoroma mpaka mapazia yanapepea. Bwana harusi nikimwona kwa mbali kama mwezi wa Idi, na kugombaniwa vilevile.

Sasa siku moja bwana wangu karudi kazini, kaketi pale nyumbani kwetu Ansab, kanionesha simu. "Mama watoto, hebu tazama."

Natazama. Mji wa kale, nyumba zake zina rangi kama peremende, theluji imejaa juu ya mapaa, farasi wanakokota magari na manyoya vichwani kama mabibi harusi. Mji wenyewe unaitwa Krakow, uko Polandi.

"Mwezi wa kumi na mbili nna likizo," kasema. "Siku nne. Mie na wewe."

"Na nani?"

"Na wewe."

"Na nani tena?"

"Hakuna tena!"

Mie kwa mshtuko nikakaa kitini, na kiti hakipo.

Basi tukaanza kupanga, kimyakimya, kama vijana wanaotaka kutoroka. Kila jioni tunafunga mlango tunatazama simu, na kila tukitazama nashtuka upya. Kuna ngome ya wafalme juu ya kilima, na chini yake joka la chuma linatema moto, moto wa kweli, wameliweka hapo hapo watoto wanapopita! Kuna mtu yuko juu ya mnara wa kanisa, kila saa anapiga tarumbeta, akifika katikati anakatisha ghafla, kaondoka zake. Ati ndiyo mila yao. Nikasema lo, kwetu muadhini akikatisha hivyo mtaa mzima utapanda mnarani kutazama kama bado yu hai. Kuna na mgodi chini ya ardhi, ndani wamechonga kanisa zima kwa chumvi. Kuta chumvi, mataa chumvi, sakafu chumvi. "Bwana we," nikamwambia, "mie nna presha, huko napita nimefumba mdomo."

Tukaenda kununua makoti, hapa hapa Maskati, na nje jua linakaanga mayai juu ya boneti. Nimevaa koti la manyoya, kofia, soksi za mikono, nimesimama mbele ya kioo kama kondoo anayesubiri Idi. Jasho lililonitoka, walikuja kupiga deki mara mbili. Binti wa Kiganda aliyekuwa akiuza pale akaniuliza, "Mama, uko sawa? Nikuletee maji?"

"Niko sawa, mwanangu," nikamwambia. "Ninakwenda fungate."

Yule binti akanitazama mimi, akamtazama bwana wangu na mvi zake, akaenda kuleta maji hivyo hivyo.

Viza tayari, tiketi tayari, hoteli tayari. Kilichobaki ni kutomwambia mtu. Nikamshika bwana wangu mikono yote miwili. "Nakuomba. Tuwapigie tukishafika. Wakijua tu, mie sina safari."

"Sawa," akasema. "Lakini mama lazima nimuage."

"Utamuaga kwa simu, uwanja wa ndege."

"Kwa simu? Kwani alinizaa kwa simu?"

Nyie mnajua kwetu, mtu hapandi ndege hajaenda kumpa mkono mama yake akaombewa dua.

Basi Ijumaa baada ya sala tukaenda Al Hail kwa mkwe wangu, kwenye chakula cha kila wiki. Ukoo wote umezunguka sinia. Bwana wangu katia tonge moja, halafu kasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba asogezewe ndimu, "Mama, tumekuja kukuaga. Tunakwenda Polandi siku nne."

Hata yule samaki juu ya wali alishtuka. Mkwe wangu akafuta mkono wake taratibu.

"Tunaondoka lini?"

Tunaondoka! Tonge likanisimama kooni. Sijalimeza, shemeji yangu, yule mume wa wifi, kashauliza kama huko yapo mabasi ya kukodi. Wifi naye anasema hoteli ya nini, tuchukue nyumba yenye jiko, yeye atabeba mchele na sufuria kubwa. Watoto wanarukaruka, theluji, theluji! Nikaiona fungate yangu ya pili inakwenda njia ya ile ya kwanza, na biriani juu.

Nikaona dawa ni kuwatisha. "Jamani, kule kuna baridi inaua! Ukilia, chozi linaganda njiani, likianguka linakuvunja kidole cha mguu! Ukitaka kutia udhu unapasua maji kwa nyundo!"

"Alhamdulillahi," akasema mkwe wangu. "Joto la hapa lishatuchosha."

"Amin," wakaitikia wote.

Bwana wangu namkonyeza, namfinya, yeye anachambua miiba ya samaki.

Ndipo wifi akasema, "Ngojeni nitazame sala za huko, tujue tutakula saa ngapi." Akaandika Krakow, mwezi wa kumi na mbili, kwenye simu. Akakodoa macho. Akaipangusa simu kwa kanga, akaitazama tena.

"Audhubillahi! Magharibi saa tisa na dakika arobaini!"

"Za usiku?" akauliza shemeji.

"Za mchana! Jua linazama saa tisa mchana!"

Mikono yote ikasimama juu ya sinia. Na mie wallahi nilikuwa sijui, siku zote tunatazama majoka na farasi, jua hatukulitazama! Shemeji akainyang'anya simu. Adhuhuri kabla ya saa sita, alasiri saa saba na kitu. Uso ukamparama.

"Sasa," akasema polepole, "mchana mtu analala saa ngapi?"

Khatari! Mnatujua sisi, tukishakula mchana mji mzima unalala, hata paka wa Maskati analaza masharubu. Huyu shemeji ukimgonga na gari atakusamehe, lakini usimwamshe baada ya wali.

Nikaidaka hapo hapo. "Halali mtu! Ukijinyoosha kidogo, ukifungua macho ni usiku! Theluji hujaiona, ngome hujaiona, siku ishakwisha!"

Shemeji akakumbuka kuwa mwezi huo ana kazi nyingi. Wifi akakumbuka mtoto ana mtihani. Wakawa wanapukutika mmoja mmoja, na mie moyo unanichezea lelemama. Nikamgeukia mkwe wangu kwa upole wote. "Na wewe mama, na mapumziko yako..."

"Mie?" akasema. "Mie tangu afe baba yenu silali mchana. Nakwenda."

Nikamkodolea macho bwana wangu. Sema kitu, baba watoto! Umebaki wewe tu! Naye kweli akaweka tonge chini, uso umemwiva kama mtu aliyeletewa khabari ya msiba.

"Kweli jua linazama saa tisa?" akamuuliza dada yake.

"Kweli."

"Siku zote nne?"

"Zote."

Akashusha pumzi, akamgeukia mama yake.

"Basi mama, nenda wewe na mkweo. Mie nabaki nalala."