Lilang Consing Anyamazishwa

Kwa miaka hamsini Lilang Consing amesuka mafungu ya vitunguu saumu pale Sinait, kaskazini mwa Ufilipino, na mdomo wake haukupumzika hata siku moja. Mjukuu wake Aizel alipoachwa kwake akiwa na miezi minane, bibi huyo, yaani Lilang kwa lugha ya kwao ya Kiilokano, alimweka mkekani katikati ya marundo ya vitunguu, akaendelea na kazi zake zote mbili: mikono inasuka, mdomo unasimulia.

Kila kitunguu kilichoingia kwenye msuko kilikuja na neno lake, na mtoto alipoanza kusema akawa anajibu.

"Hiki ni nyati. Nyati kaenda wapi?"

"Mtoni!" Aizel anajibu huku akimpa kitunguu kingine.

"Mtoni kamkuta nani?"

"Jogoo!"

"Jogoo mtoni? Anafua nguo?"

Mtoto anacheka mpaka anaanguka chali. Alipotimiza miaka mitatu, jirani yao Manang Luding alisema, "Huyu akianza shule, mwalimu ndiye atakayeomba ruhusa ya kuongea."

Ndipo Marivic, mama wa mtoto, alipokuja kutoka Manila kwa Krismasi. Kazi yake ni kupokea simu za Wamarekani wanaolalamikia intaneti yao. Kiingereza ndicho kilichomtoa kwenye vitunguu. Alimsikiliza binti yake dakika kumi tu, uso ukamshuka.

"Mama, Kiilokano kitupu! Shule nzuri zinawafanyia watoto usaili kwa Kiingereza."

"Ana miaka mitatu, mwanangu."

"Ndiyo maana! Kuanzia leo ni Kiingereza tu. Kama hukijui, bora unyamaze. Simu itamfundisha."

Mimi ningemjibu, tena jibu la kumkaa moyoni. Lilang Consing hakujibu, kwa sababu Marivic ni msomi na yeye aliishia darasa la nne.

Akanyamaza kweli, miezi minane mizima. Aizel akakaa mkekani na simu, akitazama katuni zinazomsemesha bila kumsubiri ajibu. Mwanzoni alikuwa akimletea bibi yake kitunguu na kumkodolea macho. "Nyati?" Lilang alikipokea, akainama kusuka. Baada ya wiki chache mtoto akaacha kuuliza. Kiingereza hakikuja, na Kiilokano nacho kikaenda zake.

Mwezi wa nane Marivic akarudi, akamkuta mtoto hasemi kitu. Akasema kijiji kimemharibu, akafungasha nguo za mtoto ampeleke Manila.

Kwa Wailokano mtoto haondolewi mahali hivihivi. Roho yake hupenda kubaki nyuma ikicheza, kwa hiyo mkubwa lazima aiite kwa jina: njoo, twende, usibaki. Pale kituoni Lilang Consing alifungua mdomo.

"Mama, tafadhali, usimchanganye," Marivic akasema. Lilang akaufunga, na basi la Manila likaondoka.

Wiki mbili baadaye simu ililia. Aizel hataki kula, anautazama mlango tu, na akiitwa hageuki. Marivic alikuwa akilia.

"Nimempeleka kwa madaktari wawili, Mama. Hawaoni kitu."

"Roho yake iko huku," Lilang akasema. "Sikuiita, mwanangu. Mwekee simu sikioni niiite sasa hivi."

Marivic akavuta kamasi.

"Sawa, Mama. Mwite. Lakini kwa Kiingereza."

Pumzi ndogo ya mjukuu wake ikamjia Lilang sikioni, karibu kabisa, kama vile yuko mkekani. Kiilokano kilimjaa kinywani, lakini aliogopa kwamba kikimtoka ataambiwa tena amemharibu mtoto. Akatafuta neno moja la Kiingereza, lolote lile, katika maneno yote ya miaka yake sabini, asilipate. Pumzi ile ikasubiri kidogo. Kisha Marivic akasema ana zamu, akakata simu.