Mgeni Aliyetaka Kufungwa Kilemba

Ukitaka kucheka, cheka sasa, tumalizane. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Amalemba, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Kazi yangu ni kufunga vilemba. Nafungia maharusi, nafungia mashekhe wa Mumias, na kuna Kalasinga wa gereji aliyenionyesha namna ya kukunja kitambaa kisiteleze. Lakini vingi ni vile vyeupe vya kanisa letu, na kwetu kilemba hufungwa kwa jina. Unamuuliza mtu jina lake, unaliombea huku ukizungusha, na ncha ikishachomekwa kilemba ni cha mwenye jina. Hata marehemu wetu tunawafunga hivyo hivyo kabla ya kuwazika.

Siku hiyo mvua ya alasiri ilishuka na giza lake. Akaingia mwanamume mmoja mrefu, simjui, akaketi kwenye kiti cha wateja, akanipa kitambaa chake. Kilikuwa kimelowa na kinanuka udongo. Nilisita, lakini mteja ni mteja, si ndiyo? Nikaanza kuzungusha kabla hata ya kuuliza. Kichwa chake kilikuwa baridi, na kila nikikaza kinabonyea.

"Nifunge kwa jina gani, baba?"

Akalitaja polepole: la ubatizo, la babake, la ukoo. Lilikuwa jina la mume wangu.

Mume wangu hutembeza wageni msituni Buyangu, na saa hiyo alikuwa huko. Jamani, niliogopa. Ncha ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Malizia, mama," akasema.

Ningemalizia vipi? Niliivuta ile ncha kwa nguvu zangu zote. Kitambaa kikafumuka chote, na niamini, ndani hakukuwa na kichwa. Kiti kilikuwa kitupu.

Jioni mume wangu akarudi mzima, namshukuru Mungu. Lakini alikuwa na alama nyekundu iliyozunguka paji la uso, kama ya kamba. Akasema mvua iliponyesha alianguka njiani, akahisi mtu aliye nyuma yake anamkaza kichwa.

"Ulimwona?" nikamuuliza.

"Sikumwona. Lakini mikono naijua. Ilikuwa yako."

Nimemweleza yote, naye anasema ameelewa. Alama haijatoka. Nawe ukifanya kazi kama yangu, tafadhali uliza jina kabla hujashika kitambaa cha mtu. Mji mzima unafungwa na mimi, lakini Jumapili mume wangu anajifunga mwenyewe mbele ya kioo, kilemba kimeenda upande, na nikisogea kumsaidia anarudi nyuma.