Mama Tito na Wageni wa Chini ya Skrini

Pale Kizwite ukiulizia steshenari ya Mama Tito, utaonyeshwa kwa kidole, kisha utaongezewa onyo: "Nenda, ila usiwe na haraka."

Neno hilo lilimuuma Rozina, ndiye Mama Tito mwenyewe, maana kuchapa anachapa vizuri. Kilichomchelewesha ni kutafuta programu kwenye kompyuta. Mteja akija, atafungua menyu, atashuka nayo, atapanda nayo, mpaka mteja anaanza kutazama duka la ng'ambo ya barabara.

Lwitiko, fundi simu wa jirani aliyetoka Mbeya, akamwonea huruma. "Mama Tito, zibandike kwenye mstari huu wa chini ya skrini. Bofya programu kwa kitufe cha kulia, chagua kubandika, basi. Hata ukizima mashine utaikuta hapo hapo."

"Kumbe kama mwiko wangu! Nimeuchomeka ukutani karibu na mafiga, sihangaiki kugeuka."

Akabandika ya kuandikia, akabandika ya picha, akabandika ya kutolea nakala. Lakini Rozina kalelewa Ufipa, na mama asiyemwacha mgeni asimame mlangoni. Kila alipoona programu imebaki kwenye menyu, moyo ulimkatalia kuiacha huko. Akabandika kikokotoo, saa, hali ya hewa, hata mchezo wa karata asiojua kuucheza. Mstari ukajaa pomoni.

Ijumaa akaingia Kristiana wa Ilemba, anahema. Alitaka kadi za kipaimara cha bintiye.

"Mwenzangu, gari la kunirudisha kijijini linapakia abiria. Utaweza, au nivuke barabara?"

"Keti, mama. Sasa hivi tu."

Akabofya, ikafunguka karata. Akabofya tena, ikaja hali ya hewa.

"Mvua naijua, nimeacha matope nyumbani," Kristiana akasema, mguu mmoja uko kizingitini. "Kadi, mama!"

Lwitiko akachungulia dirishani. "Hapo chini kuna programu au msafara wa harusi? Banduabandua hao!"

"Nitamfukuzaje mgeni aliyekwisha keti?"

"Humfukuzi. Kubandua si kufuta. Anarudi kwake kwenye menyu, siku ukimhitaji utamkuta."

Hapo Rozina akapata amani. "Samahani, saa. Kikokotoo, nenda kapumzike. Karata, asante kwa kuja." Kristiana akacheka mpaka akaketi. Mstarini ikabaki ya kuandikia, ya picha na ya kutolea nakala. Rozina akabofya mara moja tu, ukurasa ukafunguka, vidole vikaanza kucheza.

Kadi zikatoka zingali na joto la mashine, jina la binti limekaa katikati na ua pembeni. Nje, honi ya gari ikalia. Kristiana akazitia kikapuni.

"Jumapili uje ule ugali wa ulezi. Na huko nitawaambia, mwenye haraka aje kwako!"

Akaondoka mbio. Rozina akabaki anautazama mstari wake, mweupe, una nafasi.

"Na karata umemwacha hivi hivi?" Lwitiko akamchokoza.

"Yuko kwake. Nikimaliza kazi nitakwenda kumsalimia."