Msumari wa Mzee Mafuru

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo nimeikumbuka mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu asinisikie. Ilikuwa asubuhi, ufukweni Kirumba, Mwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, shati jipya, na kiburi kisichoenea ndani ya shati hilo. Tulikuwa tunaishusha majini boti yetu, Kaza Mwendo, na kabla ya saa nne kufika nilikuwa nimemfanyia mzee mmoja jambo ambalo mpaka leo sijapata duka la kulirudisha.

Ngoja nikuanzie mbali kidogo.

Kaza Mwendo ni boti ya injini, ya mbao, urefu wake hatua kumi na sita. Nimezipima mwenyewe, kwenda na kurudi. Jina lake haikuwahi kulitii, ilikwenda taratibu kama mtu anayepelekwa kwa wakwe. Zamani ilibeba marobota ya pamba na magunia ya dagaa kutoka visiwani. Ilipochakaa, mwenyewe akaitelekeza ufukweni, mbuzi wakaifanya baraza.

Sisi tulikuwa vijana kumi na wawili. Tulikuwa na mitumbwi mitatu ya matanga, tunajifunza kuushinda upepo, ila upepo ndio uliokuwa unatushinda. Kila wiki mmoja unapinduka, na wavuvi wanatuokota huku wakituuliza kama tumekuja kuvua au kuvuliwa. Tulihitaji boti ya injini ya kutufuata nyuma. Mwenye Kaza Mwendo akatuachia kwa sharti moja tu, tuiondoe pale, kwa sababu mbuzi walikuwa wa jirani na jirani alishaanza kusema boti ni yake.

Mimi nilikuwa mnunuzi wa kikundi. Nilikuwa nauza vipuri vya mitumba Mkuyuni, na nilijulikana. Ukija kununua kwangu unaondoka umenunua na usichokijia. Ukija kuniuzia, unaondoka unanishukuru kwa hasara yako. Kila kitu nilikihesabu mara mbili: mara ya kwanza kujua idadi, mara ya pili kujua nani ananidanganya.

Fundi tuliyempata aliitwa Mzee Mafuru, mtu wa Ukerewe, mfupi, mikono mipana, maneno machache. Aliizunguka boti siku nzima akiigonga kwa kidole kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Jioni akanitajia vitu anavyovitaka: mbao, pamba ya kuzibia nafasi kati ya mbao, na misumari mia nne na ishirini iliyochovywa zinki.

"Msumari wa nyumba usiniletee hata mmoja," akasema. "Utaliwa na maji, halafu wenyewe nao utakula ubao."

Nikaleta misumari mia nne na ishirini. Niliimwaga juu ya gunia, nikaipanga kumi kumi mbele yake, nikairudia. Yeye alikaa kwenye kigogo akinitazama.

"Umemaliza kuhesabu?"

"Nimemaliza, mzee."

"Na mimi umenihesabu?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Ulikuwa utani kweli, mwanangu, lakini ndani yake kulikuwa na mtu.

Alifanya kazi wiki saba. Sisi vijana tulipeana zamu kumshikia mbao, na kila jioni misumari iliyopinda alinirudishia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, bila mimi kumwomba. Wiki ya saba, siku mbili kabla ya kushusha, akafunga vifaa vyake, akasema anakwenda nyumbani Ukerewe na atarudi Jumamosi na mke wake. Mimi nikachukua chaki. Nikaizunguka boti nzima, kila kichwa cha msumari nakiwekea alama, kisha nikamwaga mkebe nikahesabu iliyopinda. Jumla mia nne na kumi na tisa. Nikafuta chaki yote nikaanza upya. Mia nne na kumi na tisa.

Halafu nikaliona. Kwenye pua ya boti, ubao wa juu kabisa upande wa kulia, palikuwa na tundu moja lililotobolewa vizuri, halina msumari.

Nilimkimbilia kabla hajapanda meli.

"Mzee, pale mbele umesahau msumari."

"Sijasahau. Ule ni wa siku ya kushusha."

"Wa siku ya kushusha kwa vipi?"

"Utaona. Wote mtaona." Akapanda.

Sasa mtu mwingine angesubiri aone. Mimi nilikuwa mtoto wa Mkuyuni. Nilijua mafundi wanaokurudishia redio wakiwa wamebakiza waya mmoja, ili uwafuate tena ukiwa na haraka. Nikajiambia, mzee huyu ametushika. Jumamosi watu wamejaa, mgeni rasmi amesimama, yeye atakaa pembeni na msumari wake mfukoni, asubiri nimbembeleze. Nikawaita wenzangu nikawaeleza. Wakaamini, kwa sababu mtu anayehesabu sana watu humdhania anajua sana.

Ijumaa nikaenda duka la jirani, nikanunua msumari mmoja. Wa nyumba. Wa zinki ulikuwa mpaka nirudi mjini, na mmoja niliona hauna madhara. Nikaupigilia mwenyewe, nyundo nne, wenzangu wakapiga makofi, nikapaka rangi juu yake. Siku hiyohiyo ndiyo niliyoandika kibao cha majina ya waliofanya kazi. Nikaandika majina kumi na mawili, ya vijana wote. Mmoja wetu akauliza, "Na fundi?" Nikamjibu, "Fundi kalipwa. Jina la nini tena?"

Jumamosi ikafika. Kwaya ya kigango imepanga mistari, mgeni rasmi amekaa kwenye kiti tulichoazima, mitumbwi yetu mitatu imepambwa maua. Mzee Mafuru akatokea akiwa na mke wake, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mkononi ana nyundo ndogo. Akasalimia watu, akaenda moja kwa moja kwenye pua ya boti, akapeleka kidole gumba mahali pale bila kuangalia, kama unavyotafuta swichi ya taa ya nyumbani kwako.

Kidole kikakuta kichwa cha msumari.

Akakisugua. Rangi ilikuwa bado laini, ikamshika.

"Nani kapiga hapa?"

"Mimi, mzee," nikasema, kwa sauti ya kutosha wote kusikia. "Kazi ilikuwa haijaisha, nikakumalizia."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Yeye akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa kidogo, akakifungua. Ndani kulikuwa na msumari wa mia nne na ishirini.

"Na huu wangu," akaniuliza, "niupeleke wapi?"

Mke wake ndiye aliyesema, tena kwa upole, kama anayemweleza mgeni mahali choo kilipo. "Baba yake alikuwa anafanya hivi, na babu yake. Tundu moja linaachwa. Siku ya kushusha, fundi anapiga msumari wa mwisho watu wote wakiona, anawataja mmoja mmoja walioshika mbao. Njiani alikuwa anajikumbusha majina yenu. Kumi na mawili yote anayo."

Hapo, mwanangu, ndipo nataka usimame na mimi kidogo. Mpaka hapo kosa langu lilikuwa la ujinga, na ujinga una dawa. Nyundo ya kung'olea ilikuwepo, hatua nne kutoka niliposimama. Ningeuvuta msumari wangu, nikamwambia, "Mzee, nisamehe, tundu lako hili hapa." Ingechukua muda mfupi kuliko beti moja ya kwaya. Mmoja wetu alishainama kuichukua nyundo.

Nikasema, "Tukiung'oa tutaharibu rangi."

Hilo ndilo nililolisema. Mgeni rasmi ananitazama, wenzangu wananitazama, na mimi nikaogopa kuonekana nimekosea, nikachagua rangi.

Mzee Mafuru akakifunga kitambaa chake, mkunjo juu ya mkunjo. Akakisoma kibao cha majina, akakisoma tena. Mara mbili, kama mimi.

"Sawa," akasema. "Boti ni yenu." Akamgeukia mke wake. "Mama Nyanjura, twende, tutawahi meli."

Hawakula hata pilau.

Boti ikashuka, ikaelea vizuri, maana mikono iliyoitengeneza haikuwa yangu. Ilitufuata ziwani miaka mingi, ikatuokota kila tulipopinduka, na hatukupoteza mtu. Kisha injini ikafa, vijana tukawa na watoto, kikundi kikasambaratika. Kaza Mwendo ikapandishwa ufukweni, na mbuzi wakarudi, nadhani wajukuu wa wale wa kwanza.

Mwaka juzi kikazaliwa kikundi kipya cha vijana wa matanga, kinaongozwa na binti anaitwa Nyamizi, mkali kuliko nilivyokuwa mimi na mwerevu zaidi. Waliamua kuifufua. Wakaniita niwaelekeze, kwa kuwa wenzangu wengi wameshatangulia. Siku moja nikamkuta Nyamizi ameubandua ubao wa pua, ameulaza juu ya mapipa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmefikia wapi?"

"Babu, njoo uone maajabu. Misumari yote mizima. Yote! Ila huu." Akaniwekea kiganjani kitu chekundu kilichobaki chembamba kama kijiti cha kiberiti. Kuuzunguka, ubao ulikuwa mweusi, umeoza, upana wa sahani. "Huyu fundi wenu alikuwa tapeli. Msumari wa nyumba kwenye boti! Na hii tunaiandika kwenye kibao kipya cha historia, watu wajue boti ilioza kwa sababu ya nani."

Vijana wakacheka. Kicheko kilekile.

Nami nikanyamaza. Nataka ulijue na hilo. Nina mvi kichwa kizima, nimekaa kwenye mabaraza ya usuluhishi, nimewafundisha watoto wangu kusema kweli, na nikanyamaza. Nikasema jua kali, nikarudi nyumbani. Siku tatu nilikaa na kile kipande cha msumari mezani. Mzee wa watu nilimnyima jina akiwa hai, na sasa nilikuwa naachia aitwe tapeli akiwa kaburini, kama yuko kaburini, maana hata hilo sikuwahi kwenda kuuliza. Kutoka Mwanza mpaka Ukerewe ni safari ya nusu siku tu. Miaka yote hiyo sikuwa nimepata nafasi.

Siku ya nne nikapanda meli.

Nyumbani kwake nikamkuta Nyanjura, binti yake, mama wa makamo, mikono mipana ya baba yake. Wazee wote wawili walikuwa wamelazwa nyuma ya nyumba. Nikamweleza yote, sikujipunguzia. Akasikiliza huku anachambua dagaa.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Alinitaja?"

"Hapana. Ila sisi watoto tulikuwa tunasubiri sana siku za kushusha, tunasikia majina yanatajwa. Baada ya kurudi kutoka Mwanza safari ile hakuacha tundu tena. Kila boti aliimaliza hapahapa nyumbani, kabla ya siku ya kushusha. Tukimuuliza, anasema watu wa siku hizi wana haraka."

Mwanangu, nimewahi kutapeliwa na nimewahi kupoteza mzigo mzima ziwani. Sijawahi kupata hasara kama ile sentensi. Nilidhani nimemharibia mzee asubuhi moja. Nilikuwa nimekizima kitu kilichotoka kwa babu yake.

Nikamwomba aje. Akasema hajui nyundo. Nikamwambia nyundo nitaishika mimi, yeye ashike msumari na majina.

Nilirudi nikamwambia Nyamizi mbele ya wenzake wote: "Tapeli mnayemtafuta ni mimi." Hakuna aliyecheka. Nikawasimulia habari ya tundu. Nyamizi akachukua ubao mpya wa pua na kutoboa matundu yote. Moja akaliacha wazi.

Jumamosi iliyopita tumeishusha. Kibao kipya kina majina ya vijana wa sasa, majina yetu kumi na mawili, na juu yake yote, Mafuru, fundi. Nyanjura alishika msumari, nami nikapiga. Mkono wa uzee, nilikosa mara mbili, mara ya pili nikagonga kidole changu kilichoegemea ubao, nikaona ni halali yangu. Yeye akawa anataja majina. Alipokaribia mwisho akanigeukia.

"Na wewe nikutaje?"

"Nitaje, na useme nilichofanya."

Akawaangalia watu, akasema, "Masanja, aliyeleta misumari."

Basi. Hakuongeza. Ningependa angeongeza.

Kwa hiyo nakuachia neno hili. Ukikuta kazi ya mtu ina sehemu imeachwa wazi, usiharakishe kuizibia. Muulize imeachwa kwa ajili ya nani, na akikujibu nusu, subiri nusu nyingine. Ukishakosea, ng'oa msumari wako palepale, watu wakiwa wanakutazama, kabla rangi haijakauka. Rangi hupakwa tena. Na unapohesabu vitu, wahesabu na watu waliovishika, kwa sababu mimi nilihesabu misumari mia nne na ishirini bila kukosea hata mmoja, nikamruka mtu aliyekuwa amekaa mbele yangu kwenye kigogo.

Mungu akulinde ziwani na nchi kavu. Akupe wazee wa kukungoja uelewe, na akupe kuelewa wakiwa bado wanakungoja.