Alama Niliyotia Mimi

Ile ofisi naifagia na kupika chai hadi leo. Asiyekuwepo ni mjukuu wangu.

Yeye alikuwa fundi wa kompyuta pale, na seva ya barua pepe za kampuni ilikuwa mikononi mwake. Mashine ile huwekewa apdeti, marekebisho ya kuziba matundu wanayopitia wezi wa mtandaoni. Kila apdeti aliiandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kabati, na akishaiweka akatia alama ya vema. Kazi hiyo ilikuwa ya Ijumaa. Mashine lazima izimwe na kuwashwa upya, na wakubwa hawataki barua zikatike ila wakiwa msikitini.

Ijumaa moja asubuhi tukaletewa habari ya msiba mtaa wa Mabawa. Marehemu ndiye aliyemwosha binti yangu, mama yake mjukuu wangu, siku alipokufa.

"Nenda," nikamwambia. "Aliyemwosha mama yako haoshwi na wengine na weye upo."

"Na apdeti, bibi? Ndiyo kwanza inashuka kutoka mtandaoni."

"Nionyeshe. Mashine nafuta vumbi kila siku, kubonyeza ndiko kutakonishinda?"

Akacheka huku machozi yanamtoka. Akanionyesha: ikiandika imemaliza, nibonyeze hapa, ijizime na kuwaka, ndipo nitie alama. Akajifunga kanga, akaenda.

Nikakaa kitini kwake. Mstari wa kijani kwenye skrini ukatambaa, ukasimama, ukatambaa. Adhana ikalia. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Maiti tusipomuaga nyumbani, basi tena. Nikasema nitarudi kubonyeza. Kalamu ilikuwa mkononi, nikatia alama kabisa, bosi akipita asione kazi ya mtoto wangu imelala. Nikafunga mlango.

Nilipofika msibani, jeneza lilikwisha kutoka. Nikaingia jikoni na wenzangu kupika chakula cha matanga. Sikurudi ofisini, na Jumatatu sikukumbuka, naye akaiamini alama.

Mwezi haukuisha, wateja wakapokea barua za ulaghai kwa jina la kampuni. Akaletwa mtaalamu kutoka Dar. Akafungua orodha ya apdeti zilizomo ndani ya seva, akazisoma mojamoja, mjukuu wangu akizifuata kwa kidole kwenye karatasi. Kwenye moja akasimama.

"Hii haimo."

"Imo, kaka. Alama hii hapa."

"Dada, mashine haisomi karatasi yako."

Mjukuu wangu akaitazama ile alama. Zake ni ndogo, zimelala. Hii ilikuwa kubwa kama shoka. Akaniangalia nilivyosimama na sinia la chai.

"Umetudanganya kwa maandishi," bosi akasema.

Nikaweka sinia chini. "Alama hiyo yangu miye."

"Bibi, kwa heshima yako, usimbebee mjukuu."

"Simbebei. Aliniachia nibonyeze, nikaondoka bila kubonyeza."

Bosi akamgeukia. "Kumbe ni mbaya zaidi! Seva ya kampuni unamwachia mpika chai?"

Nilidhani ukweli utamtoa. Ndio uliomfukuzisha. Mimi wakanibakiza, nani atamshitaki bibi wa chai?

Tulirudi nyumbani Chumbageni kwa miguu. Njiani akasema neno moja tu: "Ungeniambia palepale msibani, bibi, ningekimbia kuimalizia."

"Nilikuwa nakuna nazi, nikasahau."

Sasa yuko kijijini Moa kwa mjomba wake, anakanda unga wa maandazi. Simu hupiga siku ya Idi. Shikamoo, marahaba, basi.