Visu Kumi na Kimoja vya Mama Springi

Dada yangu aliacha kunisemesha kwa siku tisa, na siku zote hizo nilikunywa chai kwake kila asubuhi kama kawaida. Alinimiminia, akanisogezea sukari, akanipa mgongo. Mgeni angedhani nyumba ina amani. Mimi niliyekua naye chumba kimoja nilijua kwamba akinyamaza hivyo, afadhali angenirushia birika.

Mimi nimezunguka sana katika maisha yangu, kazi za hapa na pale, na shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikipotea njia kidogo mnivumilie. Nataka mumjue huyu dada yangu, na mjue kwamba alikuwa na haki ya kukasirika, hata na mimi. Hasa na mimi.

Ni fundi wa makochi. Mtaani wanamwita Mama Springi. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake: meza ndefu, sponji zimepangwa hadi darini, mabunda ya vitambaa, makochi mawili matatu yaliyovuliwa nguo yanangoja zamu. Ukiingia unapiga chafya kwanza ndipo unasalimia.

Watu hawajui makochi yanameza nini. Vifungo, kalamu, vitana, mara moja seti nzima ya meno ya bandia ambayo mwenyewe alikuja kuidai akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Na visu vidogo vya kukunja, vile vya mfukoni. Mtu anakaa, anajinyoosha, kisu kinateleza, kinazama pembeni mwa mto, basi tena. Dada akikikuta humwita mwenye kochi. Wengi hukiangalia wakasema si changu. Hata hivyo anakingojesha mwezi mzima, maana mtu anaweza kukumbuka, kisha ndipo anakisugua kutu na kukiweka kwenye droo yenye kufuli. Sita alivipata hivyo.

Vitano alivitengeneza mwenyewe. Alichukua misumeno iliyovunjika kwa maseremala, akaikata, akaikwangua kwa tupa mpaka ikapata umbo, akaitia motoni ikawa nyekundu, akaichovya kwenye oili chafu ya gari. Cha kwanza kilipasuka kama glasi. Cha pili kilipinda kama kijiko. Akaendelea. Kile kilichotoka vizuri kuliko vyote alikitilia mpini wa mguu wa kiti cha marehemu mama yetu, kiti kilichokuwa kimevunjika siku nyingi, na hicho ndicho alichokibeba kwenye mfuko wa aproni miaka ishirini na miwili. Kitambaa, kamba, gundi iliyokauka, chungwa la saa nne, vyote kisu hicho.

Niliwahi kumuuliza, "Hivi unaona nini katika visu?"

Akanipa kimoja. "Fungua."

Nikafungua.

"Funga."

Kikajifunga: tak.

"Umesikia? Mlango wa nyumba yangu haujawahi kufunga vizuri hivyo. Na aliyeutengeneza mlango alikuwa mume wangu, Mungu amrehemu, alijua mambo mengine."

Sasa nimtaje mwanawe, mpwa wangu. Ni msimamizi wa usalama kwenye ghala kubwa. Kijana mzuri, simsengenyi. Lakini kazini kwake hata ngazi imebandikwa karatasi ya kueleza kwamba ni ngazi. Mwaka jana mama yake aliumwa homa ndefu, na alipopona mkono wa kushoto ukabaki unatetemeka kidogo, hasa asubuhi. Mpwa wangu alipomwona siku moja na plasta kidoleni, hakulala.

Dada aliposafiri siku tatu kumwangalia wifi yake mgonjwa, aliacha kisu chake ndani ya droo pamoja na vingine. Safarini habebi, tangu mkaguzi wa mizigo alipomnyang'anya kimoja kituoni akakitia mfukoni mwake mwenyewe, mchana kweupe. Ufunguo wa droo akaniachia mimi.

Mpwa akaja siku ya pili yake. "Mjomba, naomba ufunguo."

"Wa nini?"

"Nataka vile visu viondolewe makali. Vitabaki vilevile, atavitazama, atavifungua na kuvifunga. Asijikate tu."

"Umemwambia mama yako?"

"Nikimwambia atakubali, mjomba?"

Hapo ningesema hapana. Neno dogo. Lakini mimi siku zote nimeogopa ugomvi, na kijana alikuwa ananiangalia kwa macho ya mtu anayempenda mama yake. Nikautoa. Ninapoandika hivi bado nauona mkono wangu ukiutoa, na nataka kuuchapa.

Akavipeleka vyote kumi na kimoja kwa fundi wa kuchomelea, pale kwenye kona. Yule akawasha jiwe lake la umeme, cheche zikaruka, dakika ishirini kazi imekwisha. Vikarudi drooni vimekauka, safi, na droo ikafungwa.

Jumatatu dada alikuwa na kochi la mwalimu mkuu mmoja, kitambaa kizito kama zulia. Akatoa kisu chake, akaanza kukata kitambaa cha zamani kwenye mkono wa kochi. Hakikati. Miwani huivaa kwa ajili ya sindano tu. Kisu hakiangalii, mkono unakijua. Tena alikuwa amekinoa mwenyewe kabla ya kusafiri. Basi kisu hakikumjia akilini. Kwanza akakilaumu kitambaa. Kisha akajilaumu mwenyewe. Asubuhi nzima, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, dada yangu alidhani mkono wake wa kulia nao umekufa.

Akakandamiza zaidi. Kisu kikateleza. Yule fundi aliambiwa aondoe makali, akayaondoa kama alivyoambiwa. Ncha hakuna aliyemtajia, ncha akaiacha. Ikamwingia dada chini ya kidole gumba cha kushoto.

Alishonwa nyuzi sita. Nilimpeleka mimi. Muuguzi akiwa anashona, dada akaomba miwani yake, akakitoa kisu kwenye aproni kwa mkono mzima, akakisogeza karibu na dirisha. Akaona ukingo ni bapa kama ukingo wa rula, na juu yake rangi ya bluu, ile inayokuja chuma kikiunguzwa na jiwe la umeme mpaka kinalainika. Akanigeukia. Hakuuliza aliyefanya. Aliuliza, "Ufunguo ulikuwa kwa nani?" Na yeye ndiye aliyenipa.

Hilo ndilo neno la mwisho nililolipata kwake kabla ya zile siku tisa.

Nyuzi zilipotolewa akatuita wote wawili Jumamosi mchana. Tulimkuta amesafisha meza ndefu, visu kumi na kimoja vimepangwa juu yake, vyote vimefunguliwa. Mpwa wangu alianza kabla hajakaa.

"Mama, sisi tulitaka usijikate."

Akauinua mkono wenye kovu jipya. "Nimejikata."

"Ndiyo, lakini—"

"Miaka thelathini nimefanya kazi hii. Nikivuta kisu chenye makali, kinapita nilikokipeleka. Butu unakisukuma, na ukikisukuma kinakwenda kinakotaka chenyewe. Huko ghalani kwenu hawajabandika karatasi ya hilo?"

Kijana akaangalia mlango.

"Nakuuliza wewe, msimamizi."

"Hawajabandika, mama."

"Na huyu mjomba wako amekula chumvi yote hii, anajua. Akatoa ufunguo kama anatoa kiberiti." Hakuniangalia alipolisema hilo. "Nyie wawili mlikaa mkaamua mimi nimekwisha. Mkanirudishia visu vyangu kama mtoto anavyopewa simu isiyo na betri. Nilikaa pale," akaonyesha kigoda, "nikaushika mkono wangu nikauambia, basi, ndiyo hivyo. Ningempigia mwalimu mkuu aje kuchukua kochi lake. Ningefunga mlango ule. Mnanielewa? Kwa ajili ya uwongo wenu."

"Nisamehe, mama. Nitakununulia vipya."

Alicheka, kicheko kibaya. "Haya, nenda dukani kamwambie muuzaji akupe mguu wa kiti cha bibi yako."

Mimi nikasema, "Dada, kosa ni langu."

"Najua. Tulia, zamu yako inakuja."

Akachukua kisu cha mpini wa kiti, akakiweka mbele ya mwanawe. Akaleta kinoo, lile jiwe la kunolea, na beseni la maji. Kwa kalamu akachora mstari juu ya chuma, pale rangi ya bluu inapoishia. "Juu ya mstari chuma bado kizima. Chini kimeungua. Hiki cha chini chote kiondoke, kwa mkono, kwa maji. Mashine hapana. Kikipata joto hata la chai, umeniunguzia tena."

"Itachukua muda gani?"

"Kule kwenye cheche ulichukua dakika ishirini. Huku tutaona."

Ilichukua Jumamosi nne. Kijana alikuja na shati la kazini, akakunja mikono, akasugua. Mama yake alikuwa anashona upande wa pili wa meza, na maneno yake yalikuwa mawili tu: "Maji," na, kisu kikililalia jiwe kupita kiasi, "Umelaza mno." Jumamosi ya pili ngozi ya vidole ilimchubuka. Akatazama kama atahurumiwa. Hakuhurumiwa. Mimi nilikaa mlangoni nikimenya chungwa kwa kucha, maana mfukoni sina kisu na nisingethubutu kuomba.

Jumamosi ya nne bluu ikaisha. Kisu kilikuwa kimekonda kwa upana wa njiti mbili za kiberiti, kimekuwa kama mtu aliyetoka kuugua. Dada alivaa miwani, akaupitisha ukingo mbele ya mwanga, akakirudisha jiweni mwenyewe mara sita, mara sita upande wa pili. Mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Akauweka kubana kile kitambaa kizito cha mwalimu mkuu, mabaki yake, akavuta kisu kwa wa kulia. Kitambaa kikafunguka kimyakimya, mstari umenyooka hadi ukingoni.

Mpwa wangu akashusha pumzi. "Sasa tumeelewana, mama?"

Akakifunga. Tak. Akakitia kwenye mfuko wa aproni, akapigapiga juu yake mara mbili.

"Bado kumi," akasema. Akachukua cha pili kutoka mezani, kile chenye mpini wa pembe, akachora mstari. Hakumpa mwanawe. Alikisukuma upande wangu.

"Kaka, vuta kigoda. Na maji ni ya kubadilisha, hayo yamechafuka."

Sasa niko kwenye cha tatu. Vidole vinaniwaka, ndiyo maana mwandiko huu umepinda. Anaongea na mimi siku hizi. Ananiambia, "Umelaza mno."