Kitoto cha Paka Kilichonukia Sabuni

Nilipokuwa mtoto, pale Mjimwema, Songea, mikono yangu haikuwa na adabu. Hata leo, baada ya kuzunguka nchi za watu, bado hukemewa kwa kushika visivyonihusu. Lakini hakuna mguso ulioniumiza kama ule wa darasa la pili.

Mama alikuwa amelazwa hospitali akisubiri kujifungua. Wiki hiyohiyo paka wetu akazaa watoto wanne ndani ya kikapu cha magunzi, jikoni kwa Bibi. Bibi akanionya:

"Mke mwenzangu, hao usiwaguse. Paka akisikia harufu ya mtu kwa mwanawe, anamtupa. Na kwenye nyumba yenye mjamzito, paka akimtupa wake, binadamu naye atamtupa wake."

"Mama amtupe mtoto?"

"Mimi nimesema usiguse. Maswali kamuulize mwalimu wako."

Alipokwenda shambani, nikagusa. Mmoja tu, wa kijivu, macho hayajafunguka. Hapo woga ukanishika. Kwa akili yangu ya darasa la pili, kama kosa ni harufu, basi harufu huoshwa. Nikachukua sabuni ya mche na maji ya baridi ya mwezi wa sita, nikamsugua mpaka masikioni. Nikamrudisha kikapuni akinukia kama shati la Jumapili.

Mama yake akaja. Akamnusa, akarudi nyuma, akamnusa tena, akamfokea kama amfokeavyo mbwa. Kisha akawabeba wale watatu kwa shingo, mmoja mmoja, akawahamishia darini. Wa nne hakumrudia.

"Huyu wako," nikamwambia. "Ni mimi tu nilimshika."

Nikampaka majivu ili yaue harufu. Nikamfunga kwenye kitenge cha Mama, nikamdondoshea maziwa kwa kidole, yakamtoka puani. Nikapanda naye darini mara mbili. Mara mbili akasukumwa kwa mguu. Nikasali Salamu Maria mpaka nikachanganya maneno. Kufika saa kumi alikuwa ameacha kulia.

Bibi aliporudi hakunipiga. Alisema tu, "Haya," akachukua jembe. Afadhali angenipiga.

Kesho yake Mama akaja na mdogo wangu. Nikajibana nyuma ya mlango, mikono kwapani.

"We, njoo umpokee mdogo wako!"

"Sitaki. Utamtupa."

"Nimtupe? Na kazi yote ile?"

Majirani wakacheka, mimi nikalia. Mama akaniwekea mtoto mapajani hivyohivyo, kisha akamchukua. Nikaitazama pua ya Mama. Alimnusa utosini, akakaa hapo muda mrefu, akamnyonyesha.

Ukubwani, daktari mmoja wa mifugo aliniambia mkono wangu peke yake huenda usingedhuru kitu. Sabuni ndiyo iliyofuta harufu ya mama yake, na baridi ikamalizia. Kwa hiyo onyo la Bibi lilitimia, na aliyelitimiza ni mimi, kwa kuliogopa. Ningemwacha na uchafu wangu, labda angeishi.

Mdogo wangu sasa ana upara na wajukuu wawili. Sijamwambia mpaka leo kwa nini, mwezi wake wote wa kwanza, alipolia nilikaa kando yake nikamwita tu kwa jina, bila kumnyanyua.